Neno Moja Kutoka Mnarani

Beseni la Gratien lilikuwa limejaa nusu, na Mapendo hakuipenda nusu ile.

Mpelelezi huyo wa polisi ya Uvira, OPJ kwa Kifaransa, alichuchumaa kando yake, katikati ya njia ya kutua ndege ya Nyakabere, akalitazama kama mtu anayemhoji shahidi mkaidi. Juzi asubuhi mkulima Gratien Ngendakumana alikuwa mahali hapa hapa, akikusanya mihogo aliyoianika juu ya lami, ndege ndogo ya abiria ikashuka ikamuua. Mihogo bado ilitapakaa, myeupe, ikimeremeta juani. Singlendi ya marehemu, iliyokuwa sasa ndani ya mfuko wa ushahidi, ilikuwa nyeupe vilevile.

Mtu asiyesikia ndege hakusanyi kitu, Mapendo alifikiri. Anayeisikia akaogopa huacha beseni na kukimbia. Huyu alijaza nusu. Maana yake aliisikia, akajua inakuja, akaamini bado ana muda.

Nani alimpa imani hiyo?

Alisimama, akapima kwa hatua. Alama za matairi zilianza mwanzo wa lami, nyeusi, zimenyooka kama mstari wa rula. Hatua ishirini kabla ya beseni zilipinda ghafla kushoto, zikapita kando ya beseni kiasi cha bawa kumfikia Gratien, zikaingia majanini, zikaishia kwenye mtaro ambako ndege ililala na bawa lake lililovunjika. Basi rubani alimwona Gratien, lakini alimwona akiwa amekwisha kuchelewa. Aliandika namba hizo katika daftari, akatazama saa yake. Saa mbili na nusu.

Sheria inampa polisi saa arobaini na nane za kumshikilia mtu. Zake zilikuwa zinakwisha leo saa kumi alasiri. Saa hiyo dosari, faili la kesi, ingepanda parquet, kwa mwendesha mashtaka, na juu ya jalada lake lilikuwa tayari limeandikwa neno moja: mauaji. Mtuhumiwa alikuwa Generose, mwongoza ndege wa Nyakabere, na neno hilo lisipofutwa, kesho angelala gerezani.

Mjane wa Gratien, Émérance, alikuwa amekaa ukingoni mwa lami tangu alfajiri. Alikataa kuzika kabla hajaambiwa ni nani aliyemuua mumewe. Mapendo alimpa pole, akakaa chini karibu naye, akamwuliza alikuwa wapi ndege ilipokuja.

"Hapa hapa, mutoto wangu. Nilimuita. Nikasema, Gratien, toka, ndege. Akanijibu, itazunguka kwanza."

"Itazunguka namna gani?"

Mama yule alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji yanatoka wapi. Akaeleza kwa uvumilivu kwamba ndege ya hapa haishukagi mara moja. Inapita kwanza chini-chini juu ya piste, njia ya kutua, inafukuza ng'ombe, watoto na wenye mihogo, nao wanatoka. Ikizunguka na kurudi, ndipo inashuka. Wenyeji huiita duru ya ng'ombe. Uwanja hauna uzio, hauna king'ora, una duru.

"Na juzi haikuzunguka," Mapendo akasema.

"Juzi haikuzunguka."

Kisha Mapendo akauliza swali lililomleta: mume wake alikuwa na ugomvi na mtu? Émérance alikunjua kitenge chake, akakikunja tena. Ndipo akasema juu ya mfereji. Shamba la mpunga la Generose lilipakana na lao, na mwezi uliopita Gratien aligeuza maji ya mfereji siku isiyo zamu yake. Generose alikuja mbele ya watu wote, mguu mmoja ndani ya tope, akamwambia Gratien kwamba yeye na yeye wataonana.

"Alisema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, bantu wote walisikia. Na yeye anakaa kule juu, anaona kila kitu."

Aliinua kidevu kuelekea mnarani.

Mnara wa Nyakabere ulikuwa chumba cha mbao juu ya nguzo nne, na vioo pande zote. Mapendo alipanda ngazi, akasimama mahali anapokaa Generose. Beseni lilionekana wazi. Hata mstari mwekundu wa ukingo wake ulionekana. Hakuna mtu mwenye macho angeweza kusema hakumwona Gratien.

Juu ya meza palikuwa na daftari la mnara. Kwa siku ile, saa nne na dakika arobaini na moja, mstari ulisema kwa Kifaransa kwamba ndege imeomba kutua. Baada ya hapo maneno mengine yakafuata, kwamba njia haikuwa wazi na rubani ameambiwa. Mapendo alilipeleka daftari dirishani. Maneno ya kwanza yalikuwa ya wino mweusi. Yale mengine yalikuwa ya buluu, yamebanwa ukingoni mwa mstari.

Akatabasamu bila furaha. Waongo wengi aliowakamata walikuwa na kalamu mbili.

Kulikuwa pia na kinasa sauti kidogo, mashine ya zamani inayohifadhi sauti ya mnara tu, si ya rubani. Aliirudisha hadi saa ile. Mlio mfupi wa kubonyeza, kisha sauti ya Generose, tulivu, karibu ya uvivu:

"Iko."

Basi. Neno moja. Mapendo alihesabu ukimya uliofuata: sekunde kumi na sita. Kisha sauti ileile, lakini imepasuka: "Cyprien. Cyprien, hapana."

Alipanda pikipiki kurudi Uvira, upepo wa ziwa ukimpiga usoni, na neno lile likimzunguka kichwani kama nzi. Iko. Iko nini?

*

Generose alitolewa kasho, mahabusu ya polisi, akaletwa ofisini bila viatu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mrefu, na alisimama wima hata baada ya kulala siku mbili juu ya saruji. Mapendo hakumwuliza juu ya mfereji. Alifungua daftari la mnara, akaweka kidole juu ya wino wa buluu.

"Haya uliandika saa ngapi?"

Generose alitazama kidole, si maandishi. "Kisha."

"Kisha ya nini?"

"Kisha ya kufa kwake, afande. Niliogopa. Nilijua bantu batasema sikusema. Na miye nilisema."

"Ulisema nini?"

"Cyprien aliniuliza kama iko muntu ku piste. Nikamuambia iko."

Mapendo alilifunga daftari la mnara. Kisha akamwomba aseme jinsi kitabu cha kanuni kinavyotaka jambo hilo lisemwe. Generose alilisema bila kufikiri, kwa Kifaransa, kama mtoto wa katekisimu: njia haiko wazi, paa tena. Rubani anapaswa kuyarudilia maneno hayo, yote, kama alivyoyasikia. Yeye mnarani anasikiliza kama yamerudi sawa, na yakiwa sawa anafunga kwa maneno mawili, *collationnement correct*. Yaani umerudilia vizuri.

"Na weye na Cyprien, mara ya mwisho mulisema hivyo, ilikuwa lini?"

Hapo Generose aliinamisha kichwa kwa mara ya kwanza. Alisema ilikuwa mwezi wa pili, siku inspekta alipokuja kukagua. Siku nyingine walisema Kiswahili tu. Cyprien alimwita shemeki, yaani shemeji, kwa sababu mke wake alizaliwa Katogota, kwao Generose, na kwa miaka mitatu waliongea kama watu waliokaa jikoni pamoja.

"Ulimuona anakuja chini. Sekunde kumi na sita. Ulinyamaza."

"Nilizani anafanya duru ya ng'ombe. Ile ndege matairi yake iko inje siku zote, haikunjwi. Kupita chini na kushuka inafanana, afande, mpaka tairi inagusa. Nilikuwa nangoja apite, Gratien atoke." Akaitazama miguu yake mitupu. "Hata Gratien alikuwa anangoja."

Maelezo yalikuwa mazuri. Mapendo aliyashuku kwa sababu hiyohiyo. Mtu aliyeghushi mstari mmoja wa daftari anaweza kughushi na sekunde kumi na sita.

*

Rubani Cyprien alikuwa amepangishwa na kampuni yake katika nyumba ya wageni kando ya ziwa. Mapendo alimkuta barazani, bandeji kwenye paji la uso, bahasha ya kampuni mezani. Alikuwa anaagiza samaki.

"Mama, mukeke iko ao iko ndagala tu?" alimwuliza mhudumu.

"Iko," mhudumu akajibu, akaenda zake.

Ndani ya bahasha ile mlikuwa na barua kwa polisi, ikingoja saini ya Cyprien. Kampuni ilieleza kwa aya tatu jinsi mwongoza ndege alivyokuwa na chuki na marehemu kuhusu maji ya mpunga, na jinsi alivyomdanganya rubani ili ndege ifanye kazi ambayo mikono yake iliogopa kuifanya. Mapendo aliisoma mara mbili. Ilikuwa imeandikwa vizuri mno kwa watu walioomboleza.

"Niliuliza kama piste iko libre, iko wazi," Cyprien akasema. "Akajibu iko. Nikashuka. Weye ungefanya nini?"

"Ningezunguka."

"Duru ni ya kufukuza bantu. Kama piste iko libre, ninafukuza nani?"

Jibu lilikuwa kali kama wembe, na Mapendo alilihifadhi. Akamwuliza kwa nini hakumwona Gratien. Cyprien alisema mambo mawili tu: singlendi nyeupe, mihogo myeupe. Alipoyasema alifunga macho.

"Habari ya mufereji ulipewa na nani?"

"Na Generose mwenyewe. Ku radio."

"Munaongeaka mambo ya mashamba ku radio?"

"Shemeki yangu ni muntu wa kuongea." Alifungua macho. Palikuwa na kitu ndani yake kinachofanana na aibu. "Wa kampuni waliniuliza kama alikuwa na maneno na mzee yule. Nikasema ukweli. Sikujua watauandika vile."

Mhudumu alirudi na sahani, akaiweka. Ndagala. Cyprien aliisukuma kidogo kwa kidole, akanung'unika kwamba alikuwa ameuliza mukeke. Mama yule akamjibu kwamba aliambiwa iko, na ndiyo hiyo iko, kama hataki amrudishie mpishi. Mapendo alikuwa amekwisha kusimama. Aliwapita wote wawili, akashuka ngazi, akawasha pikipiki. Alikuwa amefika barabara kubwa ndipo alipopunguza mwendo, akageuka kutazama baraza lile kwa mbali, kama mtu aliyeacha kitu mezani.

*

Watu wawili, neno moja. Generose alisema swali lilikuwa la mtu. Cyprien alisema lilikuwa la piste. Mashine ilikuwa na jibu tu, na jibu lilimkubalia kila mmoja. Mmoja wao alikuwa anaongopa, na Mapendo alikuwa na saa tatu za kujua ni nani.

Abiria walikuwa wanne. Watatu hawakusikia lolote, injini ilikuwa inanguruma. Wa nne alikuwa mtawa, Sista Claire, aliyevunjika mkono, na waganga walikuwa wamekataza asisumbuliwe. Sasa alikuwa amekaa kitandani katika zahanati ndogo, mkono ndani ya plasta, simu yenye kioo kilichopasuka juu ya mapaja.

Mapendo alimwuliza alikaa wapi ndani ya ndege. Nyuma ya rubani kabisa, mtawa akasema, magoti yake yaligusa kiti chake. Alisikia kitu? Hakumbuki. Alikuwa anapiga video.

"Video ya nini, masœur?"

"Ya bonde. Mama yangu iko Kiringye, hajawahi kuona shamba lake toka juu. Nilimuahidi." Alitazama simu. "Sijaiangalia tena. Siwezi."

Hakuna aliyekuwa amemwomba. Polisi wawili walipita hapa jana, wakaandika jina, wakaenda. Mapendo aliomba kwa adabu, akageuza kioo upande wake ili mtawa asione, akaongeza sauti.

Mto Ruzizi ukapita chini, wa kahawia, umejipinda. Sauti ya Claire ikasema, mama, ona. Kisha bega la rubani likaingia pembeni mwa picha, na mkono wake ukashika kipaza sauti.

"Shemeki, piste iko libre ao iko muntu?"

Mkwaruzo. "Iko."

"Asante, shemeki."

Mapendo aliirudisha. Mara ya kwanza alikuwa amesikia mwanamke anayeua. Mara ya pili alisikia mwanamume asiyesikiliza. Mara ya tatu aliwasikia wote wawili. Maswali mawili ndani ya pumzi moja. Jibu moja lililotosha kote. Hata asante ilitosha kote: unamshukuru anayekupa njia, na unamshukuru anayekuonya.

Hakuna aliyeongopa. Jambo hilo lilimkasirisha kuliko uongo.

*

Saa tisa na robo Generose na Cyprien walikuwa mbele yake, kila mmoja upande wake wa ofisi, hawatazamani. Émérance alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni. Mapendo alikuwa amemwita mwenyewe.

Alimsomea Cyprien maelezo yake, polepole, akamwuliza kama anayashikilia. Cyprien alisema anayashikilia. Alisema yeye ni rubani wa miaka kumi na tano, anajua kuuliza. Alisaini. Mapendo aliikunja karatasi, akaiweka kando, akaanza kutafuta kitu ndani ya droo kana kwamba amemsahau. Dakika ikapita. Nyingine ikapita. Cyprien aliiokota kofia yake.

"Madame OPJ, mambo yangu iko sawa ao iko kitu ingine?"

"Iko," Mapendo akasema bila kuinua uso.

Cyprien alivuta pumzi, akashukuru, akasimama, akauendea mlango. Alikuwa ameshika kitasa.

"Unaenda wapi?"

"Umesema iko sawa."

"Nimesema iko." Sasa Mapendo aliinua uso. "Iko kitu ingine. Kaa."

Ukutani mjusi alikimbia nyuma ya kalenda. Mkono wa Cyprien ulibaki kitasani, na Mapendo aliona uso wake ukipauka, taratibu, kuanzia bandeji kushuka. Kule upande wa pili Generose alikuwa ameweka viganja viwili mdomoni.

Mapendo aliweka simu ya mtawa mezani, akaiacha iseme. Ilisema mara moja tu, haikuhitaji zaidi.

"Weye," akamwambia Cyprien, "uliuliza mawili kwa mara moja, ukachukua lile ulilipenda. Haukurudilia. Duru ukaiacha juu ya neno moja." Akamgeukia Generose kabla hajaanza kulia kwa faraja. "Na weye ulijibu swali la mwisho, la kwanza ukalitupa. Haukungoja arudilie. Kitabu kinakuambia useme apae tena, weye ukasema iko, ukangoja ng'ombe wafukuzwe. Kisha ukachukua kalamu ya buluu."

Cyprien alirudi, akakaa, lakini hakukaa kiti chake cha kwanza. Alikaa kile kilichokuwa tupu karibu na Generose. Akasema, kwa sauti iliyokauka, kwamba barua ya kampuni ni ya kampuni, yeye hataisaini. Generose alikuwa anamtazama Émérance.

Mjane alikuwa amesikia yote. Aliuliza swali moja kutoka benchini, na hakumwuliza yeyote kwa jina.

"Kwa hiyo hakuna aliyemchukia?"

"Hapana, mama," Mapendo akasema. "Juzi hakuna aliyemchukia."

Émérance alitikisa kichwa taratibu, kama aliyepewa mzigo mzito zaidi ya ule aliokuja nao.

Simu ya mezani ililia saa kumi kasoro dakika tano. Alikuwa mwendesha mashtaka, mwenye haraka, sauti ya gari ikisikika nyuma yake. Alisema anapita sasa hivi kuchukua dosari. Akauliza yote kwa mara moja, kama wanavyouliza wote:

"Ni mauaji ya yule mwanamuke, ao iko kitu ingine?"

Mapendo alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Neno lilikuwa limekwisha kufika ulimini, fupi, tayari, la kila siku. Aliliona, akalimeza.

"Bwana procureur, niulize moja-moja."

Procureur akauliza, kwa hasira kidogo: "Ni mauaji?"

"Si mauaji. Ni kuua bila kukusudia."

"Ni nani?"

"Ni bawili. Generose, wa mnara. Cyprien, wa ndege. Kila mumoja kwa sehemu yake, na sehemu zote mbili nimeziandika." Akavuta daftari karibu. "Sasa unirudilishie ile nimesema."

"Madame, sina wakati ya..."

"Unirudilishie, bwana procureur. Mtu mumoja amekwisha kufa juu ya hii."

Alisikia gari likipunguza mwendo upande wa pili. Sauti ya mtu mkubwa asiyezoea kuamrishwa ikarudi, neno kwa neno, kama anayesoma kwa mwanga hafifu. Si mauaji. Bila kukusudia. Ni bawili: Generose wa mnara, Cyprien wa ndege.

Simu ilikuwa ya zamani na kelele yake ilijaza chumba, kila mtu aliyasikia. Mapendo alikuwa anatafuta jibu la kumalizia. Halikuwa lake. Lilitoka upande wa ukuta, kwa mwanamke asiye na viatu aliyekuwa akitazama sakafu, kwa sauti ndogo ya mtu anayefanya kazi yake, siku mbili baada ya wakati wake.

"*Collationnement correct*," Generose alisema.